Mbwa Hafukii, Anatangaza

Yako mambo tunayoyaona uani kila asubuhi wala hatuulizi sababu yake. Mbwa akiisha kwenda haja, husogea kidogo, kisha huparura ardhi kwa nguvu, udongo na majani yakaruka nyuma yake. Wengi husema, "Tazama, hata mbwa ana haya, anafukia uchafu wake kama paka." Mimi nimemtazama sana mbwa wangu, nami nasema sivyo.

Paka huchimba shimo kwanza, halafu hufunika taratibu, akanusa, akaongeza mchanga. Mbwa hachimbi shimo. Mara nyingi udongo anaourusha hauangukii kinyesi hata kidogo, naye huenda zake bila kugeuka. Kama hiyo ndiyo kazi ya kufukia, basi ni kibarua asiyestahili posho.

Ukweli ni kwamba miguuni mwa mbwa mna tezi zitoazo harufu. Akiparura, harufu hiyo hubaki ardhini, na mikwaruzo huonekana na kila mbwa apitaye. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Bwana Marc Bekoff, aliandika mwaka 1979 kwamba hiyo ni alama ya namna mbili kwa pamoja: ya macho na ya pua. Mbwa anatangaza, "Nimepita hapa." Hafichi kitu.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Yuko tegu mdogo sana akaaye matumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka pamoja na kinyesi. Mtu akiyameza, hasa mtoto achezaye uani, huweza kuota uvimbe wenye maji katika ini au mapafu, akae nao miaka mingi bila kujua. Turkana imeteswa sana na ugonjwa huo, hata mwaka 1983 shirika la AMREF likaanza kazi ya kuupiga vita huko. Mbwa humpata tegu huyo kwa kula maini na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo mgonjwa.

Basi, ndugu msomaji, siku ya kuchinja usimtupie mbwa ini lenye uvimbe. Lichome moto, au lizike katika shimo refu. Mpe mbwa dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula. Uchafu wake uzoe kwa jembe, uufukie mbali na kisima. Mbwa amekwisha kutoa tangazo lake. Kufukia ni kazi ya mwenye mbwa.