Kiswahili cha Mlimani

Sheria ilikuwa moja tu: kuanzia Riyam mpaka Matrah, Kiswahili. Ukichomeka neno la Kiingereza au la Kiarabu, wewe ndo unalipa chai ya wote. Tulikuwa wanne: mie, binamu yangu, rafiki yetu aliyesomea jiolojia hapa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos (humu tumwite Profesa), na mgeni wetu kutoka London. Huyu hataki jina lake litajwe, basi nitamwita Raba, kwa ajili ya viatu vyake. Vyeupe pe, vipya, vimetoka dukani juzi yake. Mtaona kwa nini navitaja.

Kwa msioijua Muscat, mji huu umebanwa baina ya bahari na milima mikavu. Njia yenyewe inaanzia nyuma ya bustani ya Riyam, pale penye lile chetezo kubwa juu ya mwamba, inapanda, inafuata mgongo wa mlima, halafu inateremka kwenye wadi na kutokea nyuma ya nyumba za Matrah. Haifiki kilomita 3. Watu wa zamani walipita huku huku kwa miguu, maana barabara ya magari baina ya Muscat na Matrah ilikatwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kabla yake ilikuwa upande mlima au upande mashua. Leo mawe yamepakwa alama za rangi, njano, nyeupe na nyekundu, ukizifuata hupotei. Nendeni wakati wa baridi tu, na mkiona wingu la mvua geuzeni. Wadi halina mchezo.

Binamu alishindwa kabla hata hatujafika kwenye kivuli cha kwanza. Katamka "yalla". Akajitetea kuwa hicho ni Kiswahili cha Oman. Kama "sita" ni yetu, na "saba", na "bahari" yenyewe, nani kasema "yalla" siyo? Tukabishana njia nzima ya kupanda, tunahema, hakuna aliyekubali kulipa.

Lakini tabu yetu haikuwa Kiarabu. Tabu ilikuwa hatuna maneno. Mie naweza kukutajia samaki bila kufikiri: changu, chewa, tasi, kolekole, nguru, jodari. Ni Kiswahili cha bibi yangu, na bibi katoka Unguja, ambako kilima kirefu kuliko vyote, Masingini, hakifiki hata mita 150. Alikuja hapa miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi, na miaka yote hii kaiangalia milima ya Muscat dirishani kama jirani asiyemwamkia. Nilipomwambia ninakwenda kupanda akaniuliza, "Kufata nini? Kuna kitu umeangusha huko?"

Basi kila tukiona kitu, tunasimama. Hili bonde au korongo? Lile tuite genge? "Mgongo wa mlima" tulikubaliana baada ya mjadala mrefu, na mpaka leo sina hakika.

Profesa ndiye aliyeteseka zaidi. Alitaka kutueleza mawe. Kasoma yote kwa Kiingereza, sasa kasimama juu pale, bandari iko chini yetu, jasho linamtoka.

"Haya mawe yalikuwa chini ya bahari."

"Ndani ya maji?"

"Chini yake. Ile sakafu ya bahari unaijua? Basi chini ya sakafu. Chini ya chini. Kiasi cha miaka milioni 95 iliyopita. Halafu ardhi ikasukumana, yakapandishwa juu ya nchi kavu."

Sehemu nyingine za dunia, akasema, mawe ya namna hii yamezikwa kilomita nyingi chini ya miguu ya watu, ndo maana wataalamu wanafunga safari kuja kuyagusa hapa. Ilimchukua robo saa. Mie nilishamsikia akiyasema hayo kwa Kiingereza mara tatu, na hiyo ndo mara ya kwanza kuyaelewa.

Raba alikuwa kimya. Kiswahili chake anakisikia vizuri, kukisema ndo shida, na aliona haya mbele yetu. Nilimfahamu. Mie mwenyewe nikiulizwa kazi yangu na mtu mzima wa Kizanzibari, najibu neno moja kisha naingia jikoni.

Tulipoanza kuteremka kwenye wadi, jiwe limelainika kwa maji ya miaka na miaka, na zile raba mpya zikateleza. Hakuanguka. Alikaa kitako ghafla, akashika jiwe kwa mikono miwili, akaganda. Miguu inamtetemeka. Binamu akamwambia kwa Kiingereza atulie, hakuna hatari, ni mita chache tu. Sheria ilishakufa hapo, hakuna aliyeijali. Hakusogea.

Nikarudi juu kwake na mdomo ukafunguka wenyewe. "Haya mama. Nipe mkono. Usitazame chini, nitazame mie. Mguu huu. Aaa, hivyo hivyo. Sasa huo mwengine. Pole pole, nani anakukimbiza?"

Sikutafuta hata neno moja. Hicho ndicho Kiswahili nilichonacho: kaa, inuka, shika, taratibu, pole, haya mama. Cha mtoto anayevukishwa barabara. Siku zote nimekionea haya kwa sababu hakinifikishi kwenye mazungumzo ya wakubwa. Raba akateremka nacho hatua kwa hatua, mpaka kwenye changarawe, na hapo ndo akaanza kulia. Tukadhani kaumia.

"Hapana," akasema. Kwa Kiswahili. "Bibi yangu alikuwa ananiita mama."

Bibi yake, wa Wete, amefariki miaka mitatu sasa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemsemesha Kiswahili, yeye peke yake. Harusini anakisikia, kinapita juu ya kichwa chake kuelekea kwa mama yake.

Tukakaa pale kidogo. Binamu akalipa chai Matrah bila ya kuulizwa, na chapati juu.

Jioni nikamhadithia bibi. Milima iliyotoka chini ya bahari haikumshughulisha hata kidogo. Alichotaka kujua ni kama tulibeba maji, halafu:

"Huyo mtoto, wa Wete, ni wa kina nani?"

Nikamwambia sijui. Akaniangalia kama nimekwenda sokoni nikarudi bila ya kikapu.

"Mlete Ijumaa nimuulize mwenyewe."

"Ndege yake Jumatano, bibi."

"Basi mlete kesho. Na mwambie asije na njaa ya kizungu, nitapika."