Bandama na Jirani Yake



Shemeji yangu hajapata kuonja pombe maishani mwake. Hata hivyo, alipoambiwa kuwa kongosho lake limevimba, palikuwa na minong'ono barazani, kwa kuwa watu wamesikia kwamba hayo ni maradhi ya walevi. Ni kweli ulevi ni sababu kubwa, lakini mawe ya nyongo ni sababu kubwa vilevile, nayo ndiyo yaliyomsibu.

Juisi za kongosho zimeumbwa kusaga chakula utumboni. Zikianza kazi hiyo kabla ya kutoka, huanza kulila kongosho lenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Wala madhara hayaishii hapo, kwani mkia wa kongosho hukaribiana na bandama, upande wa kushoto, na mshipa urudishao damu ya bandama hupita nyuma ya kongosho. Uvimbe ukiufikia mshipa huo, damu huweza kuganda ndani yake. Ndipo bandama hufura, na damu ikatafuta njia ya pembeni katika mishipa ya tumbo, ambayo hutanuka na pengine kupasuka.

Miezi kadhaa baada ya shemeji kurudi nyumbani, choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Wako waliosema ni bandama la malaria, anyweshwe mitishamba. Dada yangu hakungoja. Usiku ule ule alimpeleka hospitali. Alikuwa akivuja damu tumboni. Madaktari walimtia damu, kisha wakaliondoa bandama.

Alhamdulillahi, yu hai. Lakini bandama ni mlinzi: huchuja damu na kuisafisha viini vya maradhi, hata vya malaria. Asiyekuwa nalo huweza kuzidiwa kwa muda wa saa chache tu. Kwa hivyo shemeji hupata chanjo alizoandikiwa, hulala ndani ya chandarua, na homa yake, hata iwe ndogo, haingojewi asubuhi.

Ndugu zangu, mgonjwa wa kongosho hana haja ya kuulizwa alikunywa nini. Hilo ni baina yake na Mola wake na tabibu wake. Mwulizeni kama ana gari la kumpeleka hospitali homa ikimpanda usiku. Hiyo ndiyo haki ya jirani.

Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa wetu. Amin.