Leja za Mzee

Jumatatu, 3 Machi 2025
Wapelelezi wamechukua leja zote za duka la Mzee, kompyuta mbili, vitabu vya risiti na faili la mizigo ya bandarini. Wanafuata pesa za mtu aliyewahi kununua kwake. Mzee mwenyewe hajashtakiwa lolote. Wamemwachia orodha yenye saini. Mstari mmoja unasema "vitabu mbalimbali." Vitabu gani, vingapi? Nimemwambia aifungie hata hivyo, maana bila karatasi ile hatuna cha kudai. "Mwanangu, watarudisha lini?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jumatano, 5 Machi
Sheria yetu ya Kenya ya kesi za jinai: kitu kilichokamatwa na kufikishwa mbele ya korti chaweza kuzuiliwa hadi kesi au upelelezi umalizike, nacho kitunzwe vizuri. Upelelezi wa pesa umalizike! Mara nyingi haumaliziki. Watu huacha tu kuuzungumzia. Na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka huyu huyu Mzee aweke rekodi zake miaka 5.

Jumanne, 11 Machi
Baada ya tarawehe nimekaa na sheria ya India ya utakatishaji fedha, ya 2002. Wenzetu wamehesabu siku. Rekodi zikikamatwa, ukomo ni siku 180, na ndani ya siku 30 maafisa wawe wamepeleka ombi kwa chombo cha uamuzi wakitaka kuendelea kuzishika. Mwenye rekodi ana haki ya nakala. Chombo kikithibitisha, upelelezi huongezewa muda: siku 90 kwa mabadiliko ya 2018, zikapandishwa hadi 365 mwaka uliofuata. Kesi ikishafika mahakamani, hesabu hiyo haimsaidii mtu tena.

Kisha hukumu ya Mahakama Kuu ya Delhi, 31 Januari 2024. Mlalamishi alikuwa mtaalamu aliyepewa kusimamia Bhushan Power and Steel, kampuni iliyozama kwenye madeni. Alipekuliwa Agosti 2020. Wakabeba hati na vito. Siku 365 zikapita, kesi dhidi yake hakuna. Serikali ikajitetea kwamba sheria haisemi kitakachofuata muda ukiisha. Ni sawa na mpangaji kukwambia mkataba umekwisha kweli, ila haukuandikwa kwamba ahame! Jaji alisema kinachofuata ni kurudisha, akaegemea kifungu cha 300A cha katiba yao: mtu hanyang'anywi mali ila kwa mamlaka ya sheria.

Mimi siyaoni maajabu ya siku 365 zenyewe. Mwaka ni mrefu kwa mwenye duka. Ila tarehe humlazimisha mpelelezi kufungua boksi.

Jumamosi, 15 Machi
Uingereza hawakuweka siku kwa hati. Sheria yao ya polisi ya 1984 inaruhusu kuzishika kwa muda unaohitajika tu. Lakini imeongeza neno zuri: kama nakala yatosha kwa ushahidi, cha asili kisizuiliwe. Hili ndilo ningelitaka kwa Mzee. Leja ya mkono naielewa, huenda wakapima mwandiko na wino. Kompyuta je? Inanakiliwa, inarudishwa.

Jumatano, 19 Machi
Ritani ya VAT mwisho ni kesho. Ofisi moja inadai hesabu, nyingine imezikalia. Nimejaza kwa taarifa za benki na ankara alizonitumia msambazaji. Si kazi ya kujivunia.

Wakili alikuja na rasimu ndefu ya Kifungu cha 40 cha katiba yetu na haki ya mali. Nikamwambia tuombe kidogo kwanza: ruhusa ya kunakili, mbele ya maafisa wao, gharama juu yetu. Wakitunyima hata hilo, tutakuwa na cha kumwonyesha hakimu. Amekubali, shingo upande.

Mzee ameitia saini barua ya ombi hilo bila kusoma. Halafu akairudisha barua mezani, akaandika chini kwa kalamu yake: "Na daftari la madeni, lile la jalada jekundu, waanze nalo. Wadeni wameshasikia."