Masweta ya Aran: Ramani Isomwayo kwa Sindano

Ndugu msomaji, ukiitazama ramani ya Ireland utaona upande wa magharibi ghuba ya Galway imefungua kinywa kuelekea bahari ya Atlantiki. Mbele ya kinywa hicho vimelala visiwa vitatu: Inis Mór, Inis Meáin na Inis Oírr. Hivyo ndivyo visiwa vya Aran, vinavyojulikana duniani kwa masweta mazito ya sufu, yenye misokoto kama kamba za meli.

Binti yetu ni muuguzi mjini Galway, nami nilipokwenda kumtembelea nilivuka kwa feri kutoka bandari ya Rossaveel. Safari huchukua kama dakika 40. Inis Mór, kisiwa kikubwa kuliko vyote, kina urefu wa kilometa 14 hivi. Kinachomshangaza mgeni kwanza ni mawe. Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji zimeigawa ardhi kuwa vijishamba visivyohesabika. Hata udongo wa mashamba mengi ulitengenezwa na wakazi wenyewe, kwa kutandaza mchanga na mwani juu ya mwamba mtupu. Wenyeji husema Kiayalandi, lugha ya mababu zao, na Kiingereza pia.

Lakini mimi sikwenda kutazama mawe. Mkobani mwangu mlikuwa na nusu ya sweta.

Mwanangu wa kiume ni askari polisi katika wilaya ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. Aliyewahi kushika lindo la usiku katika vilima vile anaijua baridi yake. Nilimwahidi sweta la mtindo wa Aran, la kuvaa chini ya koti. Nikapata uzi wa sufu, nikapata na karatasi ya maelekezo yenye mchoro wa miraba. Nilifuma, nikafumua. Nikafuma tena, nikafumua tena. Baada ya mara ya tatu mwanangu aliniandikia kwa upole kwamba amekwisha kununua vazi jingine, nisijitaabishe. Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama.

Baba watoto, ambaye ni askari mstaafu, aliuchungulia mchoro ule akasema, “Mama watoto, hii ni ramani. Ramani haisomwi kabla ya kuusoma ufunguo wake na kujua umesimama wapi.” Nilimcheka. Sikujua kwamba ningesafiri hadi Aran kwenda kuambiwa neno lile lile.

Katika kijiji cha Kilronan, inapofikia feri, yako maduka ya masweta. Mengi ya masweta yauzwayo siku hizi hufumwa kwa mashine, lakini katika duka moja nilimkuta bibi mmoja ameketi karibu na dirisha, akifuma kwa mikono huku anazungumza na wateja. Nilimwamkia, nikatoa kazi yangu kwa aibu. Hakuomba karatasi. Alilinyosha sweta, akaligeuza upande wa ndani, akaligeuza tena upande wa nje, kisha akaniuliza, “Unapofuma mstari wa kurudi, mwanangu, unasoma nini?”

Nikamjibu kwamba nasoma alama zile zile, kuanzia kulia kama kawaida. Akatabasamu. Kosa langu lote lilikuwa hapo.

Mchoro wa miraba, ndugu msomaji, ni picha ya uso wa kitambaa, yaani upande wa nje utakaoonekana likivaliwa. Mraba mmoja ni kitanzi kimoja. Safu moja ya miraba ni mstari mmoja wa kufuma. Husomwa kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa nguo hukua kuelekea juu. Unapofuma upande wa nje, soma kutoka kulia kwenda kushoto, kama sindano inavyokwenda. Ukigeuza kazi na kurudi kwa upande wa ndani, soma kutoka kushoto kwenda kulia. Tena, sasa uko nyuma ya picha, hivyo alama hubadili kitendo. Katika michoro mingi, mraba mtupu ni kitanzi laini kwa upande wa nje, lakini kwa upande wa ndani hufumwa kinyume. Penye nukta ni kinyume kwa upande wa nje, na laini kwa upande wa ndani. Mimi nilikuwa nafuma laini kila nilipoona mraba mtupu, kwenda na kurudi, na badala ya kamba nyororo nikapata matuta kama ya mashamba ya Kabale. Anayefuma kwa kuzunguka, kama vile soksi, haupati utata huu, kwa sababu yuko upande wa nje daima. Yeye husoma kila safu kutoka kulia.

Msokoto wenyewe nao si uchawi. Ukikuta katika maelekezo ya Kiingereza herufi C, tarakimu 6 na herufi F, maana yake ni msokoto wa vitanzi 6. Hamisha vitanzi 3 kwenye sindano ndogo ya msaada, uviache mbele ya kazi. Fuma 3 vinavyofuata. Kisha urudi ufume vile 3 vilivyokuwa vikingoja. Msokoto utalalia kushoto. Herufi ya mwisho ikiwa B, sindano ya msaada hukaa nyuma ya kazi, na msokoto hulalia kulia. Ukisahau mbele na nyuma, kamba itavunjika mwendo wake, na jicho litaliona kosa hilo toka mbali.

Yako mengine yanayochanganya. Namba zilizowekwa ndani ya mabano baada ya namba ya kwanza ni za vipimo vikubwa zaidi vya mwili; chagua kipimo chako na uzungushie kalamu namba zake toka mwanzo hadi mwisho. Nyota mbili huonyesha fungu la kurudiwa. Miraba iliyotiwa kivuli mara nyingi haina kitanzi chochote, iruke. Sindano nazo zina mitego: namba 8 ya Uingereza ya zamani ni milimita 4, lakini namba 8 ya Marekani ni milimita 5. Amini milimita. Na kwa kuwa misokoto huvuta kitambaa kiwe chembamba, fuma kwanza kipande cha majaribio chenye misokoto hiyo hiyo, ukipime, ndipo uanze nguo. Hakuna alama iliyo sawa katika vitabu vyote; kila mchapishaji ana ufunguo wake. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana.

Jioni nilipanda hadi Dún Aonghasa, ngome ya kale iliyo juu ya genge lenye kimo cha kama mita 100 kutoka baharini. Wasomaji wetu wanajeshi wangeipenda. Nje ya kuta zake yamechomekwa mawe yenye ncha, yamesimama wima kwa wingi, ili adui asiweze kuikimbilia ngome. Kutoka huko juu nilivitazama vijishamba vyenye kuta, nikakumbuka hadithi ya madukani: kwamba umbo la almasi kwenye sweta ni mashamba hayo, msokoto ni kamba za wavuvi, na kwamba kila ukoo ulikuwa na mtindo wake ili mvuvi aliyezama atambuliwe kwa sweta lake.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini wachunguzi wa historia ya ufumaji hawaikubali. Richard Rutt, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu historia ya ufumaji wa mkono, aliikanusha. Masweta haya si ya kale sana. Yalikua kutokana na masweta ya wavuvi wa Uingereza na Uskoti, na sifa yake ilienea katika karne ya 20. Mbegu ya hadithi ya mvuvi aliyezama inadhaniwa kuwa mchezo wa kuigiza wa J. M. Synge, Riders to the Sea, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1904. Humo dada anamtambua kaka yake aliyezama kwa soksi. Lakini, ndugu msomaji, hakuitambua kwa nembo ya ukoo. Aliitambua kwa sababu alikumbuka hesabu ya vitanzi alivyoanzisha, na vinne alivyoviangusha.

Nilipolifikiri jambo hilo nilielewa kwa nini yule bibi hakuomba karatasi yangu. Wanawake wa Aran walijifunza kwa kutazama kitambaa na kuhesabu; michoro ya vitabuni ilikuja baadaye. Karatasi ni ramani, lakini nchi yenyewe iko mikononi mwako. Kila umalizapo safu, itazame kazi yako na uilinganishe na picha. Weka rula au kipande cha karatasi juu ya safu unayoifuma, si chini yake, ili uione miraba uliyokwisha kuifuma. Hesabu vitanzi kila baada ya msokoto. Kosa likigunduliwa leo ni la safu moja. Likigunduliwa kesho ni la nguo nzima.

Sweta la mwanangu lilikamilika miezi miwili baadaye. Katika mkono wa kushoto upo msokoto mmoja uliolala vibaya. Niliuona nikiwa nimekwisha kuupita kwa safu nyingi, nikauacha. Mwanangu alinipigia simu kutoka lindoni kusema kwamba sweta lina joto. Kuhusu msokoto hakusema neno. Lakini mimi najua uko safu ya ngapi.