Jina na Mwenye Jina

Mkenya atimizapo umri wa miaka 18 huandikishwa ili apewe kitambulisho. Kadi hiyo huonyesha jina lake, sura yake na tarehe aliyozaliwa, na alama za vidole vyake huwekwa katika kumbukumbu za serikali. Mambo hayo yatosha kumtenga na watu wengine wote. Hayatoshi, hata hivyo, kumjibu swali ambalo aghalabu huwa limekwisha kumsumbua miaka kadhaa: Mimi ni nani?

Kwangu mimi swali hili liliingia kwa mlango wa majina. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Nyumbani, basi, nilikuwa babu. Bibi yangu aliniita mume wake kwa utani, na wazee walinitazamia niwe mkulima mpole, mwenye maneno machache, kama yule niliyemrithi jina. Darasani niliitwa kwa jina la ubatizo, na mwenye jina hilo alitakiwa kushinda mitihani na kusema Kiingereza safi. Bwenini wenzangu walinipa jina la tatu, na mwenye jina hilo alipaswa kuchekesha watu hata siku aliyokuwa na huzuni. Siku ya wazazi kutembelea shule ilikuwa siku ya mashaka kwangu. Baba, walimu na rafiki zangu walikusanyika katika uwanja mmoja, nami sikujua ni yupi kati ya watu wangu watatu atoke kuwalaki.

Msomaji, usidhani kuwa mashaka kama haya ni yako peke yako, au ya taifa lako peke yake. Erik Erikson alizaliwa mwaka 1902 mjini Frankfurt, Ujerumani. Mama yake alikuwa Myahudi wa Denmark. Baba aliyemzaa hakupata kumjua kamwe. Alilelewa na baba wa kambo, daktari wa watoto, akapewa jina lake, Homburger. Kwenye sinagogi watoto walimcheka kwa urefu wake na nywele zake za rangi ya dhahabu. Shuleni alichekwa kwa kuwa Myahudi. Katika ujana wake alitangatanga Ulaya akichora picha, kabla ya kujifunza elimu ya nafsi mjini Vienna. Mwaka 1933 alihamia Marekani, na mwaka 1939, alipopata uraia wa nchi hiyo, alijichagulia jina la Erikson. Mtu huyu aliyesumbuliwa na majina ndiye aliyekuja kufundisha kuwa kazi kubwa ya ujana ni kujenga utambulisho wa nafsi.

Mwanasaikolojia mwingine, James Marcia, aliendeleza fikira hiyo mwaka 1966 kwa kueleza hali nne. Yuko kijana asiyetafuta wala kuamua. Yuko aliyeamua bila kutafuta, kwa kuwa wakubwa wamemwamulia. Yuko anayetafuta, naye hajaamua bado. Na yuko aliyetafuta kisha akaamua. Wa pili husifiwa sana, kwa maana hasumbui mtu. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo, na siku maisha yatakapomtikisa hatajua kama imani aliyo nayo ni yake. Wa tatu hulaumiwa kuwa kigeugeu, kumbe yumo kazini.

Kwa hiyo, ukiwa katika hali ya tatu, usione haya, wala usiharakishwe. Jaribu shamba na jaribu kitabu. Ingia katika mchezo, kwaya na mjadala. Wasikilize wazee, uwaulize na sababu za maneno yao. Utajijua zaidi kwa kazi uliyoitenda kuliko kwa kujitazama katika kioo.

Mimi sikumfukuza hata mmoja wa wale watatu. Subira ya babu ninayo, bidii ya mwanafunzi ninayo, na kicheko cha bwenini hakijaniacha. Ila siku hizi, nikiitwa kwa jina lolote kati ya hayo, anayeitika ni mtu mmoja.