Kumbe Hawakuwa Wakisoma

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Kwanza, ambalo tangu mtaala mpya ulipoanza mwaka 2019 laitwa Gredi ya Kwanza, katika shule moja ya milima ya Taita. Wenzangu hunitania ya kwamba kazi yangu ni kufuta makamasi na kuimba. Sikatai, kwa maana makamasi ni mengi na nyimbo pia. Lakini nimeona vema niwaeleze wasomaji, hasa walio wazazi, jambo lililonifedhehesha na kunifunza.

Asubuhi, baada ya kuita majina, sisi huhesabu. Kila mtoto ana vizibo vyake vya soda, na vijiti tulivyovifunga kumi kumi. Akiambiwa 13, huchukua fungu moja na vijiti vitatu, akaona kwa macho yake ya kuwa ile moja ya mbele si moja, bali ni kumi. Kisha twatoka nje kuandika herufi mchangani kwa kidole. Mchanga hauna gharama, tena kosa hufutika upesi bila aibu. Kipindi ni nusu saa tu, nayo yatosha, kwani mtoto wa miaka sita akizidi hapo husinzia au humfinya jirani yake.

Katika kusoma nilijiona fundi. Nilisoma mstari, watoto wakauitikia kwa sauti moja, hata wapita njia wakasimama kusikiliza. Mzazi mmoja, mkulima wa mboga ambaye hakupata kwenda shule, alinijia akanishukuru: "Mwalimu, binti yangu husoma kila jioni, nasi sote hunyamaza tukamsikiliza." Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa.

Juma lile lile nilipita kati ya madawati nikamwona binti huyo akisoma kwa ufasaha, kidole chake kikifuata mistari vizuri. Kitabu alikuwa amekigeuza juu chini. Nikamfungulia ukurasa mwingine, naye akasoma maneno ya ukurasa ule wa kwanza. Nikawaita na wengine, mmoja mmoja. Waliosoma kweli walikuwa wachache; waliobaki walikuwa wakiimba. Kosa halikuwa lao. Walifanya kama nilivyowafundisha, nami niliwafundisha kukariri.

Usiku huo sikulala vema. Ilikuwa rahisi kunyamaza, kwa kuwa baba yule alikwisha kunisifu. Hata hivyo nilipanda hadi shambani kwake, nikamkuta akimwagilia sukuma wiki, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, Mwalimu, sote wawili tulidanganyika. Mimi nina udhuru, sikusoma. Wewe je?"

Sikuwa na jibu.

Tangu hapo niliacha kutegemea kuitikiana. Kiswahili kina neema kubwa: irabu ni tano tu, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Mtoto akiijua "ma", ataikuta katika mama, maji na mahindi. Nikakata vipande vya maboksi, nikaandika silabi, watoto wakaunda maneno wenyewe. Maneno hayo hayakuwa kitabuni, basi hakuna aliyeweza kuyakariri. Neno lisiloeleweka twalitaja kwanza kwa Kitaita, ndipo tulisome. Tena kila siku husikiliza watoto watano, kila mmoja peke yake, wenzake wakipanga silabi zao.

Baba yule naye nilimpa kazi. Nilimwambia, "Mzee, tafuta katika ukurasa maneno mawili yenye umbo moja, moja juu na jingine chini. Mwonyeshe mtoto la juu, kisha la chini. Akiyataja sawasawa, anasoma. Akiyataja mbalimbali, anabahatisha." Kazi hiyo yahitaji macho tu, wala haihitaji elimu.

Mwisho wa muhula alikuja tena shuleni. Alisema binti yake sasa husoma polepole, akikwama na kurudi nyuma, na jioni zao zimekuwa ndefu. "Zamani alisoma vizuri kuliko sasa," akasema akicheka, "lakini sasa anasoma."

Wazazi wenzangu, jaribuni jambo hilo leo jioni kabla taa haijazimwa. Na mkiona mtoto anabahatisha, msimchape. Njoni mtuulize sisi walimu.