Tairi linalovuja polepole

Leo siandiki habari za programu. Naandika juu ya tairi, ingawa wenzangu wa kompyuta mtautambua ugonjwa wenyewe.

Mjomba wangu hukata nyasi kwa malipo hapa Nakuru: nyumba kadhaa za Milimani na uwanja wa shule moja. Pesa za shule hiyo ndizo zinazolipa karo ya wanawe. Ana mashine moja tu, ile ya kukalia, kuukuu. Kwa miezi tairi la mbele kushoto limekuwa likiisha upepo. Kila asubuhi anapiga pampu, anaondoka. Lakini likipungua kazini, mashine inainama, visu vinalalia upande mmoja, na uwanja unabaki kama kichwa kilichonyolewa gizani. Shule ikamwambia: mkirudia tena, tunatafuta mtu mwingine.

Sasa, kupiga pampu kila asubuhi ni sawa na kuzima na kuwasha seva inayovuja kumbukumbu. Kazi inaendelea, lakini tundu hujaliona.

Fundi wa pancha alitoa jibu la haraka: tieni tyubu, yaishe. Si wazo baya. Tairi la 4.00-8, yaani upana inchi 4 na rimu ya inchi 8, ni rahisi kulihudumia kwa sababu tuktuk nyingi hutumia saizi hiyo. Hili letu ni 15x6.00-6, rimu inchi 6, na maduka matatu niliyoingia hayakuwa na tyubu yake. Isitoshe, ukitia tyubu huku ncha ya mwiba wa mgunga ingali imejificha ndani ya tairi, umeitoboa kabla hujawasha mashine.

Basi nikaanza kupima. Matairi yote manne, 14 PSI saa nane mchana, kisha tena saa kumi na mbili asubuhi, siku nne.

"Mjomba, umeleta kompyuta kutengeneza tairi?" akaniuliza.

"Nipe siku nne tu, mjomba."

Matairi matatu yalishuka karibu PSI 1 kila usiku, na mchana yakarudi. Huko si kuvuja. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa ya nje inasukuma kwa takriban PSI 12. Ongeza 14 za geji, jumla 26. Joto likitoka nyuzi 27 mchana hadi 12 alfajiri, unapoteza asilimia 5 ya hizo 26, yaani kama 1.3. (Fizikia ya kidato cha tatu, hatimaye imenifaa.) La kushoto lilishuka 6 na halikurudi. Hilo ndilo mgonjwa.

Tukalitoa, tukalitia upepo, tukalipaka maji ya sabuni. Valvu, kimya. Sehemu inayokanyaga ardhi, kimya. Mapovu madogo yakaanza kutoka pale mdomo wa tairi unapokalia rimu. Ndani tukakuta kutu, na vumbi letu hili laini la Nakuru limeganda kama saruji. Hapo kiraka hakina kazi. Tulisugua rimu kwa brashi ya waya, kisha msasa, mpaka kidole kikapita bila kukwama, tukafuta na mdomo wa tairi kwa kitambaa chenye maji.

Kulirudisha ndiko kuna ujanja. Tairi dogo halikamati rimu, upepo wote unatoroka pembeni. Paka sabuni kwenye midomo, funga kamba kuzunguka tairi katikati, ingiza kijiti na uikaze kwa kuinyonga, ili kuta zisukumwe nje. Likianza kushika upepo, legeza kamba. Usizidishe kipimo kilichoandikwa ubavuni. Na wale wanaomwaga petroli na kuwasha kiberiti ili tairi liruke mahali pake, tafadhali, tairi likipasuka ni uso wako.

Wiki iliyopita geji ilisoma 13 asubuhi tano mfululizo, na Jumamosi uwanja ulikatwa sawasawa. La nyuma kulia nalo limeanza, ila hilo ni mwiba tu. Fundi atalipiga kiraka kwa ndani Jumatatu.